Taa ya Kulinda Nyumba: Iwe Mkononi au Juu ya Bunduki?

Ndugu yetu mmoja wa Sanya Juu ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwani halimhusu yeye peke yake. Asema kwamba anayo bunduki ya marisau aliyoipatia leseni kama sheria itakavyo. Kwamba nyumba yake imo ndani ya kihamba, mbali kidogo na barabara. Na kwamba mara kwa mara usiku husikia nyayo karibu na zizi. Ameona katika simu tangazo la taa ndogo za kufungwa chini ya mtutu, zinazouzwa kwa bei nafuu, na ataka kujua achague ipi, kwa kuwa fedha yake ni kidogo. Nyumbani mwake wamo mkewe, mama yake mzee, na vijana wawili wanaosoma.

Jibu letu fupi ni hili: fedha hiyo kidogo asiitumie kununulia taa ya bunduki. Anunue tochi mbili za mkononi, na kitakachobaki anunue taa moja ya nje. Jibu refu lafuata, nasi twamwomba alisome hadi mwisho, maana hatutamficha pia mambo ya kutazama ikiwa bado ataona kwamba bunduki yake yahitaji taa.

NANI ATEMBEAYE USIKU?

Sanya Juu, makao makuu ya Wilaya ya Siha, ipo kwenye mteremko wa magharibi wa Kilimanjaro, nyuzi tatu hivi kusini ya Ikweta. Kwa hiyo usiku wake hauna msimu wa kuwa mrefu sana wala wa kuwa mfupi sana. Mwaka mzima ni saa kumi na mbili au karibu yake. Nusu ya maisha yetu hupita gizani. Basi na tujiulize: katika giza hilo, ni nani apitaye karibu na nyumba zetu?

Yuko mzee aendaye msikitini kwa sala ya alfajiri. Yuko jirani aamkaye mwezi wa Ramadhani kutayarisha daku, akaja kuomba moto au chumvi. Yuko kijana aliyechelewa basi la Moshi, akashuka Boma Ng'ombe usiku na kufika nyumbani wakati watu wamelala. Yuko mume ambaye mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa, naye atafuta mwenye gari. Yuko mlevi aliyekosea lango. Yuko mtoto wako mwenyewe aliyetoka kwenda msalani bila ya kumwamsha mtu. Yuko fisi anukiaye ndama. Na mwisho, yuko mwizi.

Mwizi ni mmoja tu miongoni mwa wengi, na nyayo zake hazina sauti ya peke yake. Mwenye nyumba aliyeamshwa ghafla, moyo ukimdunda, hana njia ya kumtenga huyu na wale ila kwa kumwona na kumsikia. Basi kazi ya kwanza ya taa katika ulinzi wa nyumba ni kumjulisha mtu yule ni nani. Katika Sura ya Hujurat waumini wameamrishwa kuhakikisha khabari inapowafikia, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakabaki na majuto. Sauti ya nyayo usiku nayo ni khabari, na tochi ndicho chombo cha kuihakikisha.

ILA YA TAA YA BUNDUKI

Taa ifungwayo kwenye bunduki ina faida yake, nasi hatutaikana. Askari aingiaye katika jengo lenye adui huhitaji mikono yote miwili kwenye silaha yake, na taa iliyo chini ya mtutu humwachia mikono hiyo. Ndiyo sababu majeshi na polisi wa nchi nyingi hutumia taa za namna hiyo, baada ya kufundishwa na kuzoezwa.

Lakini taa hiyo ina ila isiyoondoka, iwe ya bei ghali au ya bei rahisi: inapoelekea taa, ndipo unapoelekea mtutu. Huwezi kuutazama uso wa mtu kwa mwanga wake pasipo kumwelekezea risasi. Ukisikia mlango wa jiko ukilia, ukaenda na bunduki yenye taa, na aliyeko jikoni akawa ni mama yako anatafuta maji ya kunywa, basi umemwelekezea mama yako bunduki. Wako wasemao kwamba mwanga ukielekezwa sakafuni hutosha kuangaza chumba chote. Ni kweli kwa mtu aliyezoezwa na kutulia. Mtu aliyetoka usingizini kwa hofu hapeleki mwanga sakafuni. Huupeleka pale macho yake yatazamapo.

Tena iko khatari ya kidole. Taa nyingi za namna hii huwashwa kwa kubonyeza swichi kwa mkono ule ule ulioshika silaha. Mkono wenye hofu hukaza vidole vyote pamoja, na aliyekusudia kuwasha taa aweza kufyatua risasi.

Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, hata ikiwa ni kwa mzaha, kwa kuwa hajui lini mkono utateleza. Makatazo hayo yalitolewa zama za panga na mishale. Yatakuwaje basi kwa bunduki ya marisau, ambayo hutawanya vipande vyake na haimpi mtu nafasi ya kurudisha mkono?

Mambo haya yametokea, wala si ya kudhania tu. Mwaka 2004, huko Afrika Kusini, mchezaji wa zamani wa raga aliamka alfajiri akaona gari la nyumbani kwake likiondoka. Alidhani linaibwa, akalipiga risasi. Aliyekuwa akiliendesha alikuwa binti yake mwenyewe, naye akafa. Katika nchi hiyo hiyo, usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mwanariadha Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, nyumbani kwake Pretoria, akamwua mchumba wake Reeva Steenkamp. Alijitetea kwamba alidhani mna mtu aliyevunja nyumba. Mwezi wa Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufani ilimtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, ikasema kwamba yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, awe nani, Pistorius alijua kwamba risasi zile zingeweza kumwua. Katika misiba yote miwili, mpigaji hakujua ni nani aliyempiga.

Sheria ya Tanzania nayo haiko mbali na hukumu hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yampa mtu haki ya kuikinga nafsi yake, jamaa zake na mali yake, lakini kwa nguvu zinazohitajika tu; mwenye kupita kiasi hujibu mbele ya mahakama. Na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yamtaka mwenye silaha awe na leseni. Mtu aliyepiga gizani hawezi kumweleza hakimu kwamba nguvu alizotumia zilihitajika, ilhali hakuona alikuwa akimtumia nani.

MFANO WA TEMBO

Wakazi wa magharibi ya Kilimanjaro wanao mfano ulio karibu nao. Upande wa Enduimet tembo hupita baina ya mlima na nyanda za Amboseli, na usiku huingia mashambani. Shirika la Honeyguide, lililofanya kazi na vijiji vya huko, lilifundisha walinzi wa mashamba kufuata daraja. Kwanza tochi kali, ikishindikana, honi, ikishindikana, moshi wa pilipili, na mwisho fataki. Wala mlinzi hamkaribii mnyama.

Ikiwa tembo aliyekuja kula mahindi yetu aanza kupewa mwanga, kisha sauti, je, mwana wa Adamu asiyejulikana ni nani hastahili kupewa hayo kwanza?

JINSI YA KUCHAGUA TOCHI YA BEI NAFUU

Sasa twende dukani. Tochi za siku hizi zatumia taa za LED, ambazo hula umeme kidogo kuliko balbu za zamani, na hata mwenye fedha kidogo aweza kupata iliyo njema. Lakini maboksi yake yana maneno mengi, na mengine ni ya kuvutia wateja tu. Mnunuzi na atazame mambo sita.

Kwanza, kiasi cha mwanga. Kipimo chake huitwa lumeni. Kwa ndani ya nyumba, lumeni 100 hadi 300 zatosha kabisa. Kwa uani na zizini, 300 hadi 500. Tochi ndogo ya bei ya chini iliyoandikwa maelfu na maelfu ya lumeni haisemi kweli. Tena mwanga mkali kupita kiasi ndani ya chumba chenye kuta nyeupe hukupofusha wewe mwenyewe. Macho yaliyozoea giza, yakishapigwa na mwanga mkali, huchukua dakika ishirini hadi thelathini kulizoea tena kikamilifu.

Pili, umbo la mwanga. Ziko tochi zitupazo mwanga mwembamba wa kwenda mbali, na ziko zitupazo mwanga mpana wa karibu. Akaaye ndani ya migomba hawezi kuona hatua nyingi mbele, kwani majani humzuia. Yeye ataka mwanga mpana utakaomwonyesha kushoto na kulia. Afugaye katika nyanda zilizo wazi, upande wa Ngarenairobi, ataka mwanga wa kwenda mbali. Na wakati wa ukungu, mwanga mkali mwembamba humrudia mshikaji kama ukuta mweupe. Hapo mwanga wa wastani ulioshikwa chini, usawa wa kiuno, waona zaidi.

Tatu, umbali ulioandikwa. Kiko kipimo cha watengenezaji wa tochi kiitwacho FL1, kilichotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 2009. Kwa kipimo hicho, tochi ya "mita 200" ni ile ambayo mwanga wake, ufikapo mita 200, umebaki robo ya luksi, yaani kiasi cha mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa mwanga huo mtu aweza kuona kwamba kuna kitu. Hawezi kuutambua uso. Mwanga huzidi mara nne kila umbali upunguapo nusu: kwa mita 100 utakuwa luksi moja, na kwa mita 50 utakuwa luksi nne. Basi namba ya boksini igawe kwa nne kabla ya kuitumainia, na hata hapo usihukumu uso kwa haraka. Boksi lisilotaja kipimo chochote, namba zake ni maneno ya muuzaji tu.

Nne, betri. Hapa ndipo wengi huibiwa. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, Kenya, kilichowapa watu wengi wa Afrika Mashariki mawe ya tochi tangu 1967, kilifungwa mwaka 2014, na betri tuzionazo madukani zatoka sehemu nyingi. Kwa tochi za mawe, mawe ya alkali hudumu zaidi ya yale ya kawaida katika tochi kali, hata kama bei yake imezidi. Kwa tochi za kuchaji, betri itumikayo sana ni ile ya lithiamu iitwayo 18650, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Iliyo njema hubeba kati ya milliampea-saa 2,500 na 3,600 hivi. Ukiiona imeandikwa 9,900, iache pale pale, maana aliyeandika uongo juu ya betri hakushindwa kuandika uongo juu ya tochi nzima. Betri hizo zichajiwe mchana mahali penye mtu, wala si chini ya mto wala juu ya godoro, kwa kuwa mbovu zaweza kushika moto.

Tano, swichi. Tochi ya ulinzi iwe na swichi moja, na mbonyezo wa kwanza ulete mwanga mkali. Zile ambazo mbonyezo wa kwanza ni mkali, wa pili hafifu, wa tatu wa kumetameta, na wa nne wa ishara za baharini, hufaa kuwachezea watoto. Usiku wa hofu hakuna akumbukaye kuhesabu mibonyezo.

Sita, uimara. Tafuta alama ya IPX4, ionyeshayo kwamba tochi haidhuriki na matone ya maji, kwani masika ya mlimani hayana mzaha. Iliyo na alama ya IPX7 yaweza hata kuzama mita moja kwa nusu saa. Nawe ifanyie mtihani wako kabla ya kulipa: iwashe, itikise kwa nguvu, kisha igonge kwa kiganja. Ikimetameta au kuzimika, springi yake ni mbovu. Ukifika nayo nyumbani, iwashe muda wa saa nzima uone kama mwanga unadumu au unakufa baada ya dakika chache.

Katika tochi hizo mbili, moja ikae kando ya kitanda na moja karibu na mlango, kila moja mahali pake pasipobadilika, ikiwa na kamba ya kuvaa mkononi. Taa ya simu iwe akiba tu. Na kilichosalia katika fedha kinunue taa ndogo ya nguvu za jua, ile iwakayo yenyewe inapohisi mtu akipita, ifungwe juu karibu na zizi. Taa hiyo hufanya jambo ambalo silaha haiwezi: humwambia mwizi kwamba ameonekana, kabla mwenye nyumba hajatoka kitandani.

AKITAKA BADO TAA YA BUNDUKI

Pengine ndugu yetu atasema: nimesikia yote, lakini kwangu fisi na chui si hadithi. Basi na ajue haya. Nyingi katika taa za bei ya chini sana zitangazwazo katika simu zimetengenezwa kwa bunduki za mchezo, ambazo hazina teke. Bunduki ya marisau ina teke kubwa. Baada ya risasi chache skrubu hulegea, betri huruka mahali pake, na taa huzimika wakati ule ule inapohitajiwa. Iliyo bora ina mwili wa alumini, kishikio cha chuma kinachokaza kwa skrubu, na maelezo ya mtengenezaji yataja wazi kwamba yastahimili teke la bunduki ya marisau. Ikiwa fedha haifikii hiyo, ni afadhali kutokuwa nayo kabisa, kuliko kuitumainia itakayozimika.

Kabla ya kuifunga, na aulize polisi waliompa leseni. Akiifunga, na aijaribu mahali palipoidhinishwa kupigia shabaha, kwa risasi halisi. Na hata akiwa nayo, sheria ya nyumba iwe kwamba kutafuta na kutambua hufanywa kwa tochi ya mkononi tu. Bunduki haitumiwi kutazamia kitu hata siku moja, na kidole hakigusi kifyatulio kabla ya macho kuthibitisha.

MAFUNZO YA NYUMBA NZIMA

Tochi njema katika nyumba isiyo na utaratibu ni kama ufunguo bila kufuli. Kwa hiyo baba na mama na wawakalishe watoto siku moja baada ya sala ya Isha, wafundishane haya.

Anayerudi usiku abishe hodi mara tatu, kama tulivyofundishwa katika dini na kama ilivyo desturi ya wazee wetu, na ajitaje kwa jina. Sahaba Jabir alipobisha kwa Mtume (s.a.w.), akaulizwa ni nani, akajibu kwamba ni yeye, Mtume hakupendezwa na jibu hilo, maana neno "mimi" halimtambulishi mtu. Vijana waliozoea kujibu "ni mimi" mlangoni na waache. Aseme jina lake na la baba yake. Atakayechelewa apige simu mapema.

Aliye ndani naye asifungue wala asitoke kabla ya kuuliza kwa sauti. Akisikia nyayo, awaite kwanza watu wa nyumbani mwake kwa majina, ajue kila mmoja yuko wapi. Kisha amulike kupitia dirishani, mlango ukiwa umefungwa. Akimwona mtu asiyemjua, apige yowe majirani wamsikie, na apige simu ya polisi, 112, ambayo kila mtu wa nyumbani, hata mtoto, yafaa aijue kwa moyo. Mwizi akikimbia, na aende. Ng'ombe hutafutwa, lakini roho ikishatoka hairudi.

Na bunduki yenyewe, yenye taa au isiyo na taa, ikae chini ya kufuli, risasi zikiwa mbali nayo, na ufunguo usijulikane na watoto. Nyumba nyingi hazitashuhudia mwizi mwenye silaha hata mara moja, lakini kila nyumba yenye watoto ina mkono mdogo unaotaka kujua kila kitu.

Ndugu yetu wa Sanya Juu alituuliza juu ya taa, nasi tumemjibu kwa kadiri ya ujuzi wetu. Twamwomba jioni ya leo awashe tochi yoyote aliyo nayo, azunguke nyumba yake pamoja na wanawe wawili, awaonyeshe lango, zizi na njia ya msalani, na wajue kwa pamoja mwanga wafika wapi na giza laanzia wapi. Mwenyezi Mungu awahifadhi yeye na jamaa zake, na atuhifadhi sisi sote tusimdhuru tusiyemjua, wala tunayempenda. Amin.